Saa nyingi ofisini wakati wa msimu wa korosho: je, kazi inaongezeka kweli?

Msimamizi wa Nyaraka (Mtwara Mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu katika jambo ambalo naamini halijatukuta sisi peke yetu.

Ninasimamia kitengo kidogo cha nyaraka katika kampuni inayoendesha ghala la korosho hapa Mtwara. Kwa wasioifahamu kazi hii: magari huleta mzigo kutoka vyama vya msingi, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, sisi huhakiki idadi ya magunia na uzito uliosomwa kwenye mizani, huandika daraja baada ya mkaguzi wa ubora kutoa majibu, kisha hutoa stakabadhi ya ghala, yaani hati inayothibitisha kwamba mzigo umepokelewa. Mnada ukishapita na mnunuzi akishalipa, huandaa hati za kuutoa mzigo ili uelekee bandarini. Kati ya Oktoba na Januari kazi hizi hutujia kwa mkupuo. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunapata saa moja ya chakula cha mchana, na Jumatatu hadi Ijumaa hatuondoki kabla ya saa 3 usiku. Jumamosi tunafunga saa 6 mchana.

Mwenye kampuni si mkali wala si mchoyo. Hununua chakula cha jioni, huwapa nauli ya bodaboda wanaokaa mbali, na msimu ukiisha hutoa bahasha. Lakini kwa mtazamo wake mfanyakazi hodari ni yule anayebaki mpaka ofisi ifungwe, na anayeaga saa 11 jioni, hata akiwa amemaliza kila kilichokuwa mezani pake, huonekana mtu asiyejali. Watu wamejifunza kubaki. Wapo wanaofungua jalada lilelile mara kadhaa ili mradi waonekane wanasoma.

Kilichonisukuma kuandika ni makosa. Msimu huu nimekuwa nikiyaorodhesha kwenye daftari pamoja na saa yalipotokea, na sehemu kubwa inaangukia baada ya magharibi: magunia 312 yanageuka 321, namba ya gari inapinduliwa, daraja la kwanza linaandikwa la pili. Kosa la namna hiyo halifutwi kwa kalamu na kuisha. Lazima chama cha msingi kiitwe, kumbukumbu za mizani zirejewe, stakabadhi ibatilishwe na nyingine itolewe, na muda wote huo kuna mkulima wa Nanyamba au Tandahimba ambaye fedha yake haijaingia benki.

Kuna pia suala la simu. Baada ya kufika nyumbani, kundi letu la WhatsApp linaendelea kupokea maagizo mpaka saa 5 usiku, na asiyejibu huulizwa asubuhi.

Ninachotaka kujua ni namna ya kupima tija ya kitengo kama hiki bila kuhesabu saa ambazo mtu amekaa kwenye kiti, na namna ya kumweleza mwenye kampuni bila kuonekana kwamba ninawatetea wavivu. Waliowahi kubadili utaratibu wa ofisi zao naomba waeleze ulivyokwenda, hata kama haukufaulu.

Afisa Utumishi (Lindi)

Ndugu Msimamizi, kabla ya kufika kwenye tija, tazama kwanza sheria, kwa sababu hesabu zako zinaonyesha kwamba mwajiri wako yuko mahali pabaya bila yeye kujua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida kuwa zisizozidi 45 kwa wiki, na 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, haziwezi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Sasa hesabu yako: saa 12 za kazi kwa siku 5 ni 60, ukiongeza 4 za Jumamosi ni 64. Ukiondoa 45 unabaki na 19 kwa wiki, yaani 76 kwa wiki 4. Bahasha ya mwisho wa msimu, hata iwe nene kiasi gani, haichukui nafasi ya malipo hayo. Vilevile sheria inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Kutoka saa 3 usiku hadi saa 2 asubuhi ni saa 11. Na kazi ya kuanzia saa 2 usiku huhesabiwa kuwa ya usiku, ambayo ina nyongeza yake ya asilimia 5. Ujumbe wa saa 5 usiku unaomtaka mtu afungue jalada na kujibu ni kazi, na mimi ningeuhesabu hivyo.

Usimpelekee mwenye kampuni vifungu hivi kama vitisho. Mpelekee kama gharama. Mtu anayependa biashara yake husikia haraka zaidi neno gharama kuliko neno haki, ingawa ningetamani iwe kinyume.

Kuhusu tija yenyewe, upo ushahidi wa zamani ambao naupenda kwa sababu haukutoka kwa watu wanaouza semina. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliunda kamati mwaka 1915 kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ambao wengi walikuwa wanawake. Kumbukumbu za kamati hiyo zilichambuliwa upya na mchumi John Pencavel, na mwaka 2014 alionyesha kwamba baada ya saa zipatazo 50 kwa wiki kila saa inayoongezwa huzaa kidogo kuliko iliyotangulia, kiasi kwamba waliofanya kazi saa 70 hawakuzalisha zaidi sana ya waliofanya saa 56. Hao walikuwa watu waliojua kwamba ndugu zao wako mstari wa mbele wanasubiri risasi. Hawakukosa moyo wa kazi, ila miili ilikuwa imefika mwisho.

Lakini nina swali kwako. Saa hizo 12 zinakwenda wapi? Umeandika saa za makosa. Je, umewahi kuandika saa ambazo watu wako wanasubiri?

Mzee wa Ghala (Mikindani)

Nimesoma nyote wawili kwa makini, na naomba nisimame upande wa mwenye kampuni kidogo, kwa kuwa naona hana wa kumsemea.

Nimefanya kazi za maghala tangu kabla mfumo wa stakabadhi ghalani haujaanza kutumika kwenye korosho mwaka 2007. Msimu hauna adabu ya ofisi. Mvua zinaanza kati ya Novemba na Desemba, na gari lililobeba korosho likilala nje chini ya turubai bovu, asubuhi unyevu umepanda na ubora umeshuka, na atakayeumia ni mkulima yuleyule mnayemtetea. Mnada ukishatangazwa, mzigo lazima uwe umeingia kwenye orodha. Vijana wanatuletea habari za wiki ya siku 4 iliyojaribiwa Uingereza mwaka 2022 katika kampuni 61, na ni kweli kampuni nyingi kati ya hizo ziliendelea nayo, lakini wao kazi yao ya Februari inafanana na ya Novemba. Sisi Februari tunafagia ghala na Novemba tunalala kwenye magunia.

Hata sheria imelitambua hilo. Palipo na chama cha wafanyakazi, makubaliano ya pamoja yanaweza kuruhusu saa zihesabiwe kwa wastani wa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, ili miezi ya pilikapilika ifidiwe na miezi mitulivu. Afisa hakulitaja.

Swali lake la mwisho hata hivyo ni zuri, na nadhani nalijua jibu lake kabla Msimamizi hajalijibu. Magari hupakia vijijini asubuhi. Kutoka Newala au Tandahimba, ukiongeza foleni ya mizani, gari litasimama mbele ya dirisha lenu mchana umeshapita. Kwa hiyo asubuhi karani wenu anafanya nini?

Msimamizi wa Nyaraka (Mtwara Mjini)

Mzee, shikamoo. Afisa, nashukuru.

Nimepitia kumbukumbu za mizani za wiki iliyopita, gari kwa gari, na nikalinganisha na muda ambao kila stakabadhi ilitolewa. Mzee amesema kweli. Asubuhi hupita magari machache yaliyolala njiani, na kundi kubwa huanza kuingia saa 8 mchana. Makarani wote wanakuwepo tangu saa 2 asubuhi, wanakunywa chai, wanapanga majalada yaliyokwisha kupangwa, na kazi inapowafikia tayari siku yao imeshakatika katikati.

Nimegundua na jambo jingine. Mzigo ukishapimwa, nyaraka zake hukaa zikisubiri saini ya meneja, na meneja siku za mnada yuko Tandahimba au Masasi. Hurudi jioni, husaini rundo lote kwa pamoja, na hapo ndipo kitengo kinaanza mbio. Kwa maneno mengine, tunachokiita kujituma hadi usiku kwa kiasi kikubwa ni kumsubiri mtu mmoja mwenye kalamu.

Hili sikuliona kwa sababu sote tulikuwa na shughuli, na mtu mwenye shughuli haulizwi.

Muuguzi (Masasi)

Naomba niongeze upande wa afya, kwa kuwa mada inataja makosa tu, na makosa ni dalili ya mwanzo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali ya kuchoshwa na kazi kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: mtu kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi yake au kuidharau, na kuhisi kwamba hana tena uwezo wa kuifanya vizuri. Halikuiita ugonjwa, bali hali inayotokana na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Tofauti hiyo ina uzito. Ingekuwa ugonjwa, ungempeleka mgonjwa hospitali na kumwacha huko, lakini hapa kinachohitaji kutazamwa ni ofisi. Anayefungua jalada lilelile mara kadhaa, uliyemtaja, simwoni kuwa mvivu. Huenda ameshafika kwenye hatua ile ya pili.

Madhara ya muda mrefu yanajulikana. Shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo yao mwaka 2021: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40, kunahusishwa na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi na asilimia 17 la hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo. Ninyi mko kwenye 64. Ni kweli kwamba wenu ni msimu na si mwaka mzima, na sitaki kuwatia hofu kupita kiasi, lakini kwa mtu ambaye shinikizo la damu liko juu na hajui, miezi 4 ya kulala saa chache si kitu kidogo. Anzeni kwa kuwapima watu wote presha kabla ya Oktoba. Ni jambo la dakika chache.

Jihadharini pia na tiba za juujuu. Nimeona ofisi inayoleta mtaalamu wa kuzungumzia ustawi, watu wanapewa fulana na juisi, wanapigwa picha, halafu wanarudi kwenye meza zilezile hadi usiku. Huyo mwenye kampuni, kama ana fedha ya chakula cha jioni kila siku, aangalie kwanza kama chakula hicho kingehitajika iwapo watu wangeondoka kwa wakati.

Msimamizi wa Wabanguaji (Newala)

Mimi ninatoka upande ambao mada haikuugusa, kwa sababu ninyi mnazungumzia watu wa mshahara. Kwetu wabanguaji, karibu wote akina mama, hulipwa kwa kilo. Huko hakuna bosi anayemlazimisha mtu abaki, mtu anajilazimisha mwenyewe kwa kuwa ana ada ya shule na hajui kesho kutakuwa na korosho za kubangua au la. Tija na ustawi vikigombana hapo, ustawi ndio hushindwa, na mtu anayeshindwa anakuwa ameridhia mwenyewe.

Kilichotufungua macho ni kokwa zilizovunjika. Bei nzuri iko kwenye kokwa nzima. Daraja la W320, kwa mfano, ni kokwa nzima zipatazo 300 hadi 320 katika ratili (pauni) moja, na zikishavunjika zinakuwa vipande ambavyo mnunuzi huvichukua kwa bei ya chini sana. Mbanguaji aliyeanza alfajiri, ikifika alasiri mguu wake unapiga kanyagio sawasawa lakini jicho halioni tena mahali kisu kinapoingia. Kilo zinaongezeka na thamani inashuka. Tulikuwa tunawalipa watu watuharibie mali, na wao walikuwa wanajiumiza ili wafanye hivyo.

Kwanza tulitofautisha malipo: kilo ya kokwa nzima ikapanda, kilo ya vipande ikashuka. Hilo peke yake lingeweza kuwa dhuluma, kwa sababu korosho ikichemshwa vibaya huvunjika hata kwa mbanguaji stadi, na kosa hilo ni la kiwanda, silo lake. Kwa hiyo tukakubaliana kwamba vipande vya pipa lililochemshwa vibaya havikatwi. Kisha tukaweka mapumziko mafupi ya lazima katikati ya asubuhi na katikati ya alasiri. Mwanzoni yalipingwa vikali, na waliopinga zaidi walikuwa ndio wenye mikono mepesi. Mafuta ya kupaka mikononi yakawa yanawekwa kila meza, kwa sababu yale mafuta ya maganda ya korosho huchubua ngozi, na mtu mwenye vidole vyenye vidonda hushika kokwa kwa woga.

Lililosaidia kuliko yote ni lile lile la kwenu, kusubiri. Wabanguaji walikuwa wanafika mapema na kukaa nje wakisubiri korosho zichemshwe na zipoe. Sasa tunachemsha siku moja kabla, na anayefika anakuta fungu lake limepimwa. Saa wanazokaa kiwandani zimepungua, na malalamiko ya mapato niliyoyategemea hayakuja.

Zamu za kubadilishana kazi zilitushinda. Nilitaka mtu abangue asubuhi na alasiri akae kwenye kumenya ngozi ya ndani, ili mkono upumzike. Malipo ya kumenya ni madogo, wakaona nawapunguzia, na nisingeweza kuwaambia wamekosea. Tumeiacha mpaka tupate namna ya kusawazisha bei.

Kwa hiyo, kaka Msimamizi, unapopima kitengo chako hesabu stakabadhi zilizotoka na hazikurudi. Zilizorudi kwa marekebisho zihesabu upande wa hasara, pamoja na muda uliotumika kuzirekebisha. Ukimwonyesha mwenye kampuni safu hizo mbili kwa kila saa ya siku, sidhani utahitaji hotuba.

Mzee wa Ghala (Mikindani)

Dada wa Newala amenishinda kwa hoja, ila msimamo wangu kuhusu mvua uko palepale: gari lililofika halilali nje.

Msimamizi wa Nyaraka (Mtwara Mjini)

Na halitalala, Mzee. Ninachokusudia kupeleka ni hiki. Kitengo kigawanywe zamu mbili: ya kwanza saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ya pili saa 6 mchana hadi saa 3 usiku, kila moja na saa yake ya chakula. Kati ya saa 6 na saa 11, magari yanapofika kwa wingi, zamu zote mbili zitakuwepo. Meneja akiwa mnadani, mkaguzi mwandamizi apewe kwa maandishi mamlaka ya kusaini nyaraka za kupokea mzigo, ila hati za kuutoa mzigo zibaki kwa meneja, kwa sababu hapo kuna fedha na sitaki kumbebesha mtu mzigo usio wake. Kundi la WhatsApp linyamaze baada ya zamu ya pili kufunga, na jambo la dharura kama moto au wizi lipigiwe simu. Safu mbili alizozisema dada wa Newala nitaziandaa kutoka kwenye daftari langu.

Afisa, naomba ukague kama kuna mahali nimevunja sheria.

Afisa Utumishi (Lindi)

Mzee ana haki kuhusu wastani wa mwaka. Sikuutaja kwa sababu unahitaji chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa na makubaliano yaliyosainiwa, na sikuona dalili kwamba ofisi hiyo inavyo.

Zamu zako ziko vizuri. Kila mtu atakuwa na saa 8 kwa siku 5, ukiongeza 4 za Jumamosi ni 44. Zamu ya pili ina saa moja ya usiku, kati ya saa 2 na saa 3, nayo ilipwe ile nyongeza ya asilimia 5. Mahali pamoja panahitaji marekebisho: anayemaliza Ijumaa saa 3 usiku hawezi kuitwa Jumamosi saa 2 asubuhi, kwa kuwa saa 12 za mapumziko hazijatimia. Ama aje saa 3, ama Jumamosi muiachie zamu ya asubuhi peke yake na mbadilishane kila wiki.